Kona ya Fundi Sauti: Godoro Kwanza, Riverbu Baadaye

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanaorekodi nyumbani, kuanzia Mwanza mjini hadi visiwani na ng'ambo ya ziwa. Tumezifupisha na kuacha majina. Namba tunazotoa zinatumika kwenye programu yoyote uliyonayo, iwe Reaper, Cubase, FL Studio au nyingine. Pale jambo linapohusu programu moja tu, tutaitaja.

Sauti yangu iko ndani ya pipa

*Habari za kazi, wakuu. Narekodi chumbani kwangu, mita tatu kwa tatu, kuta za tofali zilizopigwa plasta, juu bati bila dari. Nina maiki ya kondensa na saundi kadi ya njia mbili. Kila nikirekodi, sauti inatoka kama niko ndani ya pipa. Nimejaribu kuifunika kwa riverbu, ule mwangwi wa programu, ndiyo kwanza imezidi. Rafiki kanishauri nibandike trei za mayai ukutani. Zitasaidia?*
*Msomaji, Nyakato*

Trei za mayai ziache zibebe mayai. Karatasi yake ni nyembamba mno. Inapunguza kidogo sauti kali za juu kabisa na kuacha za katikati na za chini, ambazo ndizo zinazokusumbua. Utabaki na pipa lilelile, ila sasa limefifia juu. Zaidi ya hapo, karatasi kavu ukuta mzima karibu na nyaya za umeme ni hatari ya moto.

Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Ukisimama katikati ya chumba chako, ukuta uko mita moja na nusu, kwa hiyo sauti inaenda na kurudi mita tatu, yaani karibu milisekunde 9. Sikio haliwezi kuyatenga marudio ya karibu hivyo na sauti yenyewe. Linayachanganya na kuyasikia kama rangi ya sauti, na rangi hiyo ndiyo unayoiita pipa. Halafu chumba chako ni mraba. Masafa ya Hz 57, 114 na 171 yanavimba kwa urefu na kwa upana kwa wakati mmoja, na hiyo ya 114 imekaa katikati kabisa ya sauti ya mwanaume. Sasa riverbu yako inapokea sauti ikiwa na pipa tayari na kulirefusha. Ndiyo maana imezidi.

Piga kofi moja kali chumbani. Ukisikia mlio wa "trrr" baada ya kofi, kuta zinazotazamana zinarushiana sauti. Dawa ni kitu kinene ambacho hewa inapita ndani yake. Godoro la sponji la inchi 6 linafaa sana, ila lipime kwanza: litoe foronya, bandika mdomo kwenye sponji, upulize. Pumzi ikipenya, sauti nayo itaingia na kufia humo. Ikigoma, sponji hiyo itairudisha sauti karibu kama ukuta.

Wengi hulisimamisha godoro nyuma ya maiki, na hapo faida ni ndogo. Maiki yako inasikia zaidi upande wa mbele, na mbele yake uko wewe, na nyuma yako kuna ukuta mtupu unaorudisha sauti moja kwa moja mdomoni mwa maiki. Kwa hiyo godoro likae nyuma ya mwimbaji. Ukipata mawili, yasimamishe kwenye kona yafanye pembe, uipe kona mgongo. Yaache sentimita 10 kutoka ukutani, maana pengo hilo linasaidia kushika masafa ya chini zaidi. Juu ya kichwa, kwa kuwa huna dari, funga kamba mbili ukuta hadi ukuta na utandike blanketi zito lililokunjwa mara mbili. Mkeka sakafuni hausaidii kitu, zulia nene angalau.

Maiki isikae katikati ya chumba. Iweke mita moja hadi moja na robo kutoka kwenye kuta za kona yako, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni. Ukisogea chini ya sentimita 10 besi inavimba yenyewe kwa maiki za aina hii, na utadhani ni chumba. Kuzuia "p" na "b" zisipige maiki, pinda waya wa hanga uwe duara, vuta soksi ndefu ya kike juu yake, ukae sentimita 7 au 8 mbele ya maiki. Rekodi kwa biti 24, vilele vya sauti vifike kati ya desibeli -12 na -10. Usihangaike kugusa sifuri. Biti 24 zina nafasi ya kutosha chini.

Piga kofi tena. Mlio ukishakauka, sasa njoo kwenye riverbu. Iweke kwenye traki yake ya pembeni, usiiweke juu ya traki ya sauti. Chagua ya aina ya pleti, mkia wa sekunde 1.2 hadi 1.4, na pengo la milisekunde 25 hadi 30 kabla haijaanza, ili neno litamkike kwanza ndipo riverbu ifuate. Kabla ya riverbu hiyo weka ekwalaiza, ukate kila kitu chini ya Hz 600 na juu ya Hz 10,000. Mafundi wa Abbey Road, London, walizoesha dunia mpango huu, na kwenye vyumba vyetu una kazi mbili: unasafisha maneno, na unainyima riverbu yale masafa ya pipa. Pandisha taratibu kuanzia chini hadi uisikie, kisha ishushe desibeli 2 au 3.

Hukuuliza kuhusu mvua, lakini bati bila dari linatulazimisha. Kelele ya mvua kwenye bati imetapakaa masafa yote, yale yale ya sauti ya mtu. Kuiondoa baadaye kunaacha makovu kwenye sauti. Miezi ya vuli na masika, mvua ikianza, zima uendelee kesho.

Jogoo wa jirani kaingia kwenye wimbo

*Wakuu, nikirekodi sauti iko safi. Nikiweka kompresa, nasikia pumzi zangu, feni ya kompyuta na jogoo wa jirani. Kompresa yangu ni mbovu au mimi ndiye sijui?*
*Msomaji, Igoma*

Kompresa, ambayo kazi yake ni kushusha sauti zinazovuka kizingiti ulichoweka, ni nzima. Jogoo alikuwepo tangu mwanzo, wewe umemwongezea sauti. Tupige hesabu.

Tuseme kizingiti kiko desibeli -20 na uwiano ni 4 kwa 1. Neno la nguvu linafika -8, yaani limevuka kizingiti kwa desibeli 12. Uwiano wa 4 kwa 1 unaacha robo ya hizo 12, yaani 3, kwa hiyo neno linatoka likiwa -17. Limeshuka desibeli 9. Unaona wimbo umenyong'onyea, unaongeza desibeli 9 za kurudisha nguvu. Neno linarudi -8 kama mwanzo. Lakini jogoo alikuwa -55, hakugusa kizingiti, kompresa haikumshusha. Zile 9 amezipata bure, na sasa yuko -46. Pumzi hali kadhalika.

Kwa hiyo fanya kazi ya mkono kwanza. Pita wimbo mzima ukichora mstari wa sauti: shusha maneno yaliyoruka, pandisha yaliyozama, hadi tofauti kubwa ziishe. Ni kazi ya nusu saa na wengi wanaikimbia, lakini hakuna plagini (kiongezo cha programu) inayoifanya vizuri zaidi, kwa sababu haijui neno lipi la wimbo wako lina uzito. Kisha weka kompresa mbili zinazofuatana, kila moja ishushe desibeli 3 tu kwenye maneno ya nguvu. Ya kwanza uwiano 4 kwa 1, ataki (muda wa kuanza kushusha) milisekunde 5, rilisi (muda wa kuachia) 60, ishike vilele. Ya pili 2 kwa 1, ataki 20 hadi 30, rilisi 150, ilainishe. Jumla ya nguvu utakayorudisha haitazidi 6, badala ya 9.

Ataki fupi mno, chini ya milisekunde 1, inakata mwanzo wa "k" na "t" na mwimbaji anasikika kama ana kitambaa mdomoni. Rilisi fupi mno inafanya sauti ipumue kama bomba la baiskeli. Ukisikia moja kati ya haya mawili, unajua kitufe gani cha kugusa.

Mapengo kati ya mistari yakate kwa mkasi wa programu, ukiacha milisekunde 10 za kufifisha kila upande ili pasitoke mlio wa "tik". Pumzi usizifute, zishushe desibeli 6 hadi 8. Sauti isiyo na pumzi kabisa inachosha kusikiliza. Geti, ile inayofunga sauti ikishuka chini ya kiwango, hatukushauri kwa kuimba, kwani inameza mwisho wa maneno, na Kiswahili mwisho wa neno ni irabu inayofifia polepole.

Mvumo unaokatika nikishika chuma

*Salaam. Kuna mvumo wa "zzz" kwenye maiki na gitaa. Nikishika chuma cha saundi kadi au nyuzi za gitaa, unapungua. Nikiachia, unarudi. Nitumie plagini gani?*
*Msomaji, Kirumba*

Kabla ya plagini, chomoa chaja ya laptopu na urekodi sekunde 10 kwa betri. Mvumo ukipotea, umempata mhusika. Kupungua unaposhika chuma mara nyingi kunaonyesha kifaa hakina njia ya kwenda ardhini, kwa hiyo mwili wako unaifanya kazi hiyo. Ama soketi yako haina waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, ama unatumia plagi ya pini mbili. Tundu la tatu la soketi, ambalo watu hulifungua kwa kalamu ili pini mbili ziingie, ndilo la ardhi.

Mwite fundi umeme apime waya wa ardhi wa nyumba na nondo yake. Hili si la sauti tu. Mpiga gitaa anayeshika nyuzi huku mdomo unagusa maiki ya kwenye kifaa kingine anaweza kupigwa shoti. Kwa sababu hiyohiyo, usikate pini ya ardhi ili kuondoa mvumo, hata kama umeona mtu kafanya na ukaondoka.

Vifaa vyote, spika na kompyuta pia, vichomekwe kwenye ekstensheni moja yenye ardhi. Waya wa maiki usilale sambamba na waya wa umeme. Ikibidi vikutane, vipishane kama msalaba. Gitaa la koili moja ligeuze taratibu hadi mvumo ushuke, ubaki na upande huo.

Kinachobaki ndicho cha plagini. Umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo mvumo unakaa 50, 100, 150 na kuendelea. Kata mashimo membamba hapo. Wa Reaper wanayo ReaFir: rekodi sekunde 5 za chumba kitupu, iache plagini ijifunze kelele hiyo kwenye hali yake ya kutoa, kisha iipunguze. Isizidi desibeli 6 hadi 10. Zaidi ya hapo sauti inaanza kububujika kama mtu anaimba chini ya maji.

Kwaya inapotea kwenye simu

*Bwana Yesu asifiwe. Kwaya yetu ina watu 16, tunarekodi sebuleni kwa maiki mbili zinazofanana. Ili sauti itanuke tulielekezwa kunakili traki, moja kushoto, moja kulia, ile ya kulia icheleweshwe milisekunde 12. Kwenye hedifoni inapendeza sana. Kwenye simu na redio ndogo kwaya inasikika nyembamba, kama imetobolewa.*
*Mwalimu wa kwaya, Nyegezi*

Amina, mwalimu. Umesema sawasawa, imetobolewa. Simu nyingi na redio ndogo zinajumlisha kushoto na kulia kuwa spika moja. Sauti ikijumlishwa na nakala yake iliyochelewa milisekunde 12, baadhi ya masafa yanafutana kabisa: Hz 42, 125, 208, 292, na hivyo hivyo kila baada ya Hz 83 hadi juu. Besi na sauti ya tatu wanaimba humo humo kwenye mashimo. Futa nakala hiyo, hakuna ekwalaiza itakayoziba.

Upana wa kweli mnao tayari, maiki mbili. Zifungeni kwenye stendi moja, vichwa vikiwa na sentimita 17 kati yake na kila kimoja kikitazama nje, pembe ya nyuzi 110 baina yao. Mpango huu ulitoka redio ya Ufaransa na unajumlishika vizuri kwenye spika moja. Stendi iwe juu kidogo ya vichwa, kama mita mbili, ikiinama kuwatazama, na safu ya mbele isimame mita moja na nusu hadi mbili kutoka hapo kwa nusu duara. Sauti ya kwanza kushoto, ya pili kulia, ya tatu na ya nne katikati nyuma. Yule dada mwenye sauti ya kukata, maana kila kwaya anaye, arudi nyuma hatua mbili. Usimshushe kwa ekwalaiza, utawashusha na wenzake.

Mkishapata moja nzuri, wote waimbe tena wimbo uleule wakisikiliza ya kwanza kwa hedifoni, au angalau viongozi wanne wa sauti wasikilize na kuwaongoza wengine. Mara hii kushoto na kulia wabadilishane nafasi. Mnapata wingi wa watu 32, na kwa kuwa hakuna anayeimba sawa kabisa mara mbili, hakuna kinachofutana. Hedifoni zisivuje mdundo, la sivyo mtasikia "tik tik" kwenye kila kimya.

Herufi "s" itawasumbua. Watu 16 wakiitamka kwa nyakati kumi na sita inakuwa mluzi. Kata kwa plagini ya kushusha "s" kati ya Hz 5,000 na 8,000, desibeli 3 hadi 4. Bora zaidi, elekeza nusu ya kwaya waiguse kidogo tu. Na wakati wote wa kufanya miksi, kitufe cha mono kiwe karibu na mkono.

Dilei haikai kwenye biti

*Mambo vipi wakuu. Naweka dilei, ule mwangwi unaorudia neno, kwenye sauti, lakini inagongana na ngoma. Biti yangu ni ya 96.*
*Msomaji, Musoma*

Poa. Biti ya 96 ni mapigo 96 kwa dakika. Gawanya 60,000, yaani milisekunde za dakika moja, kwa 96, utapata milisekunde 625, hilo ndilo pigo moja. Nusu yake ni 312.5. Robo tatu yake, ile inayorukaruka wanayoipenda bongo fleva, ni 469.

Lakini sikiliza ngoma yako kwanza. Kama biti yako ina mwendo wa ngoma za asili, pigo linagawanyika kwa tatu, si kwa mbili, na 312 au 469 zitaanguka kati ya mapigo kila mara. Hapo ndipo wengi wanagongana wakidhani hesabu imewashinda. Gawanya 625 kwa tatu: 208, au mbili za tatu, 417. Jaribu 417 kwanza.

Marudio yawe asilimia 25 hadi 30. Kwenye dilei kata chini ya Hz 200 na juu ya Hz 4,000 ili ikae nyuma ya mwimbaji. Usiirushe wimbo mzima. Kata neno la mwisho la mstari, liweke kwenye traki yake, hilo tu ndilo liende kwenye dilei.

Najisikia nimechelewa

*Nikiimba, sauti inanifikia kwenye hedifoni baada ya muda. Kompyuta ni nzuri tu.*
*Msomaji, Sengerema*

Bafa yako, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukichakata, ni kubwa. Kwa Hz 48,000, bafa ya sampuli 512 ni milisekunde 10.7 kwenda na nyingine 10.7 kurudi, bila kuhesabu saundi kadi yenyewe. Shusha hadi 128, ambayo ni 2.7. Ukimaliza kurekodi, irudishe 1024 ili kompyuta ipumue wakati wa miksi. Ikianza kukwaruza kwenye 128, ondoa plagini zote kwenye masta, ile traki kuu ya mwisho, wakati wa kurekodi, hasa limita inayozuia vilele visipite kiwango. Kama saundi kadi yako ina kitufe cha kusikia maiki moja kwa moja, kitumie na unyamazishe traki ndani ya programu. Usipoinyamazisha utajisikia mara mbili.

Nanga ya babu na ototyuni

*Shikamooni. Babu yangu anapiga nanga, ala ya nyuzi ya asili, huku akiimba. Nataka kumrekodi na kuongeza kinanda na biti. Kila nikiweka kinanda, kimoja kinasikika kimepotoka. Nimejaribu ototyuni kwa sauti ya babu, imekuwa kama roboti.*
*Msomaji, Bukoba*

Marahaba. Aliyepotoka hapo ni kinanda. Babu kaifunga nanga yake kulingana na koo lake, na hana deni na Hz 440.

Mwombe apige uzi mmoja mmoja, kila mmoja mara mbili, uurekodi. Fungua kipima sauti, ReaTune ya Reaper inacho, na uandike kila uzi uko senti ngapi juu au chini ya nota ya kinanda iliyo karibu. Senti 100 ni hatua moja ya kinanda. Tuseme uzi unaokaribia La umekaa Hz 428 badala ya 440: hizo ni senti 48 chini. Nyuzi zote zikiwa chini kwa kiasi kinachokaribiana, shusha kinanda na besi zote senti 48 kwenye kitufe cha kurekebisha, na mambo yatakaa. Zikiwa zimetofautiana sana, uzi huu 20 chini na ule 35 juu, usipige kodi (nota kadhaa kwa pamoja) juu ya nanga. Mpe babu ngoma na besi inayoshika nota moja au mbili zinazolingana na nyuzi zake, utakuwa umemaliza. Kumwambia aifunge upya nanga ifuate kinanda hatukushauri, utapoteza wimbo wenyewe.

Ototyuni iliingia sokoni 1997, kazi ya Andy Hildebrand, mhandisi aliyetoka kwenye kuchambua mawimbi ya ardhini ya kutafutia mafuta. Inaivuta kila sauti kwenye nota iliyo karibu ya skeli uliyoichagua. Babu anateleza kati ya nota kwa makusudi, nayo inausoma mtelezo kama kosa. Mwondolee. Wapokezi ukitaka waguse, lakini punguza mwendo wa kuvuta hadi milisekunde 40 au 60 na uipe plagini nota za nanga tu, zikiwa zimeshushwa zile senti.

Mrekodi akipiga na kuimba kwa pamoja. Ukimtenganisha, mkono na mdomo havitakutana tena. Maiki ya sauti sentimita 15 kutoka mdomoni, ya nanga sentimita 20 juu ya nyuzi ikiwa imeupa mdomo kisogo. Kati ya maiki na maiki pasipungue sentimita 60, mara tatu ya umbali ule mkubwa. Nanga ni ya upole, kwa hiyo feni na friji vizimwe.

Wimbo wangu mdogo kuliko wa wenzangu

*Nikiupandisha YouTube unasikika mdogo, nikiukaza kwa limita unapasuka.*
*Msomaji, Ilemela*

YouTube na Spotify hushusha wimbo unaozidi takriban LUFS -14, kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima. Ukiukaza hadi -7, utashushwa 7 na utabaki na mipasuko tu. Kama ni mdogo, mara nyingi tatizo liko kwenye besi. Kata kila kitu chini ya Hz 30 kwenye masta, kwa kuwa humo hakuna spika ya simu inayosikika, ila limita inakula nguvu yote hapo. Kisha angalia kiki, ile ngoma nzito, na besi kama zinapigana kati ya Hz 50 na 80, mmoja ampishe mwenzake desibeli 3. Dari la limita liwe -1, usiweke sifuri, maana kugeuza kuwa MP3 kunarusha vilele juu. Kwa nakala ya WhatsApp na daladala, ambako hakuna anayeshusha, toa nyingine ya -10.

Maiki inapasukapasuka asubuhi

*Naishi karibu kabisa na maji. Asubuhi maiki ya kondensa inatoa "pa, pa" kama mafuta ya moto, mchana inatulia.*
*Msomaji, Ukerewe*

Ni unyevu kwenye kiwambo cha maiki. Volti inayokiendesha inavuja kupitia unyevu huo. Ukimaliza kazi usiiache kwenye stendi. Ifute, itie kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinne au vitano, ubadilishe mara kwa mara. Asubuhi iwashe dakika 30 kabla ya kurekodi. Usiipulize kwa mdomo wala kuianika juani. Ikiendelea hata mchana, kiwambo kimeshapata uchafu, na hapo tumia maiki ya dainamiki, haina kiwambo chenye volti na unyevu huu hauisumbui.